Maji Yanaporudi

Makambako waliniita mganga wa maji, jina nisilolipenda, maana mganga hulipwa hata akikosa.

Nilianza kupima visima Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa; mkoa wenyewe ulikuja 2012. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ni nyingi na vijiji vingi hunywa maji ya mserereko. Ukishuka Makambako mvua inapungua, mji unakua kwenye njia panda ya Songea, na kila mwenye nyumba ya wageni anataka kisima chake.

Wengi waliamini chini kuna mto. Hakuna. Mwamba wa huku ni wa kale. Maji hukaa kwenye tabaka lake la juu lililooza na katika nyufa zilizo chini yake. Hujazwa na mvua za Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana sikupenda kupima Machi: kisima cha Machi humsifu kila mchimbaji.

Maji yakiruka, mwenye kisima hupiga picha. Mimi nilingoja pampu izimwe. Hapo nilishusha utepe wa kupimia, ule unaolia ukigusa maji, nikaandika kina kila dakika, kisha kila baada ya dakika tano, halafu kumi. Yakirudi haraka, nyufa zinalishwa vizuri. Yakisuasua, unakula akiba.

“Kamwene, fundi. Pampu kubwa nimeshanunua,” mzee mmoja aliniambia.

“Mzee wangu, hiyo itakausha kisima kabla ya saa sita.”

“Basi tuchimbe zaidi.”

Nikamweleza kuwa kadiri tunavyoshuka ndivyo nyufa zinavyopungua, na pesa zake zingeishia kwenye jiwe kavu. Akanung'unika, akakubali pampu ndogo na tenki la kujazwa usiku kucha. Kibali cha kutumia maji, kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009, hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Lakini jirani akichimba hatua chache kando, mnanyang'anyana ufa uleule.

Vijijini ugomvi wa maji ulihusu mikaratusi iliyopandwa mabondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kuzunguka chanzo, ila wenye miti walihesabu nguzo za umeme, na wenye vinyungu, bustani za mabondeni, wakahesabu mahindi mabichi ya kiangazi. Nilikuwa upande wa vinyungu. Kijiji kimoja kilifyeka mikaratusi yote chanzoni. Mwenyekiti aliyesimamia kazi hiyo akakosa kura uchaguzi uliofuata.