Mwenzetu Aliyekosekana Darasani

Wazazi wapenzi, ninyi mnaotuma watoto wenu katika vyuo vikuu, mara nyingi mnatuuliza swali moja tu: «Je, huko mnasali?» Sisi tuliosoma Kolwezi twaweza kuwajibu bila kusita: Ndiyo, tulisali sana. Lakini sikilizeni habari hii.

Nchi yetu ya Lualaba ina dini nyingi tangu zamani. Mmisionari Mprotestanti Arnot alifika Bunkeya kwa Mfalme Msiri mwaka 1886. Baadaye wakaja Wakatoliki. Wamethodisti wana chuo chao Mulungwishi, na Waortodosi wana misioni yao hapa Kolwezi. Kuna Wakimbangu, na kuna Waislamu, ambao wengi wao asili yao ni Maniema. Hapo kwanza kila dini ilijitafutia masomo ya juu: Wakatoliki walifungua Lovanium mwaka 1954, nao Waprotestanti wakafungua chuo kikuu chao Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha hivyo viwili pamoja na kile cha Lubumbashi. Muungano ule ulikwisha mwaka 1981, walakini katika vyuo vya serikali vijana wa dini zote hukaa benchi moja hata leo.

Kukaa benchi moja si kujuana. Jioni kila kikundi kilishika darasa lake. Sisi tulisali rozari huku, Waprotestanti waliimba kule, na wengine walikemea pepo hata madirisha yakatetemeka. Kila kikundi kilipaza sauti ili kisizidiwe na jirani.

Katika mwaka wetu wa pili, kijana mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Kasongo, hakuonekana darasani muda wa juma zima. Siku ya nane mwalimu akauliza habari zake. Tukatazamana. Sisi tulidhani wenzake wa dini wanajua alipo; Waprotestanti walidhani vivyo hivyo. Kumbe, katika darasa letu Mwislamu alikuwa yeye peke yake.

Tulimkuta hospitalini, mguu umevunjika. Alikuwa amekosa ada ya masomo, akaingia shimoni pamoja na wachimbaji wa mikono kutafuta kobalti, na udongo ukamwangukia. Watu wa Kolwezi wanayajua mashimo hayo: mwezi wa Juni 2019 wachimbaji wasiopungua 43 walikufa katika maporomoko ya namna hiyo.

Hakutulaumu. Alisema tu: «Ndugu zangu, usiku ule kabla ya kwenda shimoni nilisimama nje ya darasa, nikawasikia mkisali. Niliona haya kubisha hodi. Nilidhani mlango ule una wenyewe.»

Maneno hayo yalituchoma kuliko lawama.

Juma lile lile viongozi wa vikundi vyote walikaa pamoja. Hatukuchanganya sala, wala hakuna aliyeombwa kuiacha imani yake. Tuliandika majina ya darasa zima katika daftari moja, tukapatana kwamba asiyeonekana siku mbili atatafutwa na watu wawili wa dini mbalimbali. Tukaweka pia sanduku moja la kusaidia wenye shida ya ada au ya dawa. Wengine wetu walinung'unika kwamba tunabomoa ukuta wa imani. Mmoja wetu akawakumbusha kwamba Mtaguso wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwahimiza Wakatoliki kuzungumza na kushirikiana na watu wa dini nyingine, kwa busara na upendo, huku wakiishuhudia imani yao wenyewe.

Sanduku letu halikutosha daima, na mwenzetu yule alipoteza mwaka mzima wa masomo. Lakini alirudi, akitembea kwa fimbo, naye ndiye tuliyemkabidhi daftari. Hakuna aliyemshinda kwa kuona nani hayupo.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto wenu akirudi likizoni, mwulizeni kama anasali. Ni swali jema. Kisha mwulizeni la pili: «Katika darasa lenu, ni nani aliyekosekana, nawe ulikwenda kumtafuta?»