Mwiko na Timazi Mjini Mogadishu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndege iingiayo Mogadishu hushuka kandokando ya bahari, hata msafiri akadhani magurudumu yatagusa mawimbi. Tulipoteremka tulipokewa na harufu ya chumvi na saruji mbichi. Mji huu uliingia katika vita serikali kuu ilipoanguka mwaka 1991. Tangu Agosti 2011, wapiganaji walipoondoka mjini, watu wake wamekuwa wakijenga, ijapokuwa milipuko haijakoma. Ghorofa mpya huinuka kando ya gofu lenye matundu ya risasi.

Tulianza ziara yetu Hamarweyne, mtaa wa kale wa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwenyeji wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa hatajiona mgeni hapo. Msikiti wa Fakhruddin, wa karne ya 13, ungali umesimama. Tukajiuliza: waliojenga nyumba hizi, mwiko wao walimwachia nani? Kwa desturi fundi humrithisha mwanawe au mwanafunzi wake, na huyo naye humrithisha mwengine. Vita vilipokuja, mafundi wengine walifariki, wengine wakakimbilia Kenya, Yemen na kwengineko. Kuta zilizobomoka zaonekana kwa macho. Mnyororo huo uliokatika hauonekani.

Ndipo tukapelekwa kwenye kiwanja kidogo ambapo vijana hufunzwa uashi kwa miezi sita. Mwalimu wao ni fundi kutoka Kisauni, mmoja wa Wakenya wengi waliokwenda huko kutafuta kazi za ujenzi. Tulimkuta ameteremsha timazi kwenye ukuta uliojengwa na kijana mmoja asubuhi ile. Ukuta ulikuwa umelala kidogo tu, sisi hatukuuona. Fundi akasema, "Bomoa, mwanangu." Kijana akabomoa, jasho likimtoka, kisha akaunyoosha uzi upya.

Fundi alitueleza anayowafunza. Mchanga wa ufuoni ni rahisi kuuzoa, lakini chumvi yake huzila nondo polepole ndani ya zege, na dari hupasuka baada ya miaka, mwenye kosa keshaondoka. Kuzidisha maji kwenye zege humpunguzia kibarua kazi, na humpunguzia mwenye nyumba uimara. Zege likishamwagwa lataka kunyweshwa maji siku saba au zaidi. Na pale ambapo maji hununuliwa, wengi huona ni israfu.

Tukamuuliza, "Fundi, wewe na wenzako mwaajiriwa huku kwa kuwa mafundi wa hapa ni haba. Ukiwafunza hawa, huoni kuwa wajikatia riziki?"

Akatabasamu. "Sheikh, riziki yangu iko kwa Allah. Lakini kuna dari nililimwaga mwaka wa kwanza, na vibarua wasiojua kazi. Kuna familia hulala chini yake. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Mlangoni tulikutana na mama aliyemletea mwanawe chakula, mama wa yule yule aliyebomoa ukuta. Kiswahili chake alikipata kambini Dadaab. Alituambia, "Sheikh, babake alikuwa fundi. Alifariki huyu akiwa mdogo, asipate wa kumfundisha. Wenye bunduki humpa kijana pesa siku hiyo hiyo. Mimi namwambia asubiri miezi sita. Niombee asichoke." Tulimwombea hapo hapo, na tuliondoka na uzito moyoni. Kwani miezi sita ikiisha, kijana atahitaji mwiko na pima maji vyake mwenyewe, na mtu wa kumwamini na nyumba ya kwanza. Bila ya hayo mafunzo hayajakamilika.

Wapenzi wasomaji, Nabii Ibrahim (A.S.) alipoinua misingi ya Al-Kaaba alikuwa na mwanawe Ismail (A.S.), mzee akijenga, kijana akimpa mawe. Nyumba tukufu kuliko zote ilijengwa na baba na mwana, fundi na msaidizi wake. Basi vipi baadhi yetu hapa pwani waone haya mtoto akisema anataka kuwa mwashi? Na wewe unayejenga, unamwambia fundi akupunguzie saruji?

Tunaye kijana asiye na kazi karibu katika kila nyumba. Tumtafutie fundi mwaminifu leo, tungali na amani na mafundi wetu wangali hai. Aliyekosa fedha ya kumsaidia na amnunulie mwiko. Na asiyeweza hilo, asimvunje moyo.

Ewe Mola, wape amani ndugu zetu wa Somalia, uwahifadhi waliolala chini ya dari tulizozijenga, na uutie nguvu mkono wa kijana yule. Amin.