Unyoya Ulioachwa

Watoto hupenda sana kutafuta vitu. Hata aliye mdogo kabisa, ukimwambia, "Nenda ukaniletee jani lenye meno," hukimbia kama mjumbe wa mfalme. Mchezo huu hauhitaji fedha. Unahitaji kikapu kidogo, macho ya kutazama, na masikio ya kusikia filimbi.

Asubuhi moja huko Goma, mwalimu wa darasa la kwanza aliwatoa watoto wake nje. Wanafunzi wa darasa la sita walikuja kumsaidia, na kila mtoto mdogo akapewa mwenzake mkubwa.

Mji wa Goma umekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa Nyiragongo ulipasuka, na uji wa mawe ya moto ukapita katikati ya mji mpaka ukaingia katika Ziwa Kivu. Uji ule ulipopoa ukawa mwamba. Leo watu hujengea kuta kwa mawe yake, na katika nyufa zake majani yameanza kuota.

Mwalimu alitaja vitu vitano: jiwe jeusi lenye matundu, jani lenye meno, mbegu, unyoya, na kitu kinachoota juu ya jiwe. Hicho cha mwisho kilikuwa cha kutazamwa tu, si cha kung'olewa.

Kisha akasema, "Sikilizeni, wanangu. Wawili waende pamoja na warudi pamoja. Chuma au kitu chochote msichokijua, msikiguse, niiteni. Msipite ule mkaratusi. Filimbi ikilia, rudini mara moja, hata kama kikapu hakijajaa."

Watoto wakatawanyika kama vifaranga. Mvulana mmoja mdogo alishikana mkono na msichana wa darasa la sita. Waliokota jiwe, wakalitazama. Lilikuwa jepesi kuliko walivyodhani, kwa sababu matundu yake yalifanywa na hewa iliyokuwa ndani ya ule uji wa moto. Wakapata jani. Wakapata mbegu. Juu ya mwamba wakaona kitu cha kijivu kama manyoya mafupi, nacho kilikuwa hai. Wakakiacha mahali pake. Ulibaki unyoya tu.

Walipofika kwenye mkaratusi, mvulana akapiga kelele: "Yaya, tazama! Ndege!"

Mbele ya mti palikuwa na bonde dogo, si refu kuliko mtu mzima. Chini yake ndege alikuwa amelala, na manyoya yake yaling'aa. Mvulana akauvuta mkono wake ili ateremke.

Msichana hakumwachia. Alitazama tena. Majani ya ukingoni yalikuwa mabichi, lakini ya chini yalikuwa yamekauka. Karibu na ndege alilala mjusi, naye hakutikisika. Upepo haukuvuma. Msichana akakumbuka neno alilolisikia kwa bibi yake: mazuku.

"Turudi," akasema.

"Lakini unyoya! Ni hatua mbili tu!"

"Turudi."

Mvulana alirudi analia. Msichana akamweleza mwalimu waliyoyaona. Mwalimu alinyamaza kidogo. Alikuwa amewapa watoto mpaka, lakini hakuwaambia sababu yake. Basi akapiga filimbi, akawakusanya wote, akawaeleza.

Mazuku ni hewa ya kaboni itokayo ardhini katika nchi ya volkano. Haionekani. Nayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Kwa hiyo hukaa mabondeni kama maji yanavyokaa katika bakuli. Hukusanyika zaidi usiku na asubuhi, wakati upepo umetulia. Mtu mzima akisimama, huenda kichwa chake kikawa juu yake. Lakini mbuzi, au mtoto mfupi, au mtu anayeinama kuokota kitu, huivuta na kuanguka. Na anayeteremka kumwokoa huanguka naye.

Mchana ule mwalimu na majirani walisimamisha vijiti vyenye vitambaa vyekundu kuzunguka bonde lile.

Watoto wakauliza nani ameshinda. Wengine walikuwa na vitu vyote. Mwalimu akakichukua kikapu cha wale wawili, kisicho na unyoya, akakiweka mbele ya wote. "Hawa walitafuta vizuri," akasema, "maana waliona hata kile ambacho sikuwaambia watafute."

Na ile kanuni ya kurudi pamoja si ya mchezo tu. Nyiragongo ulipasuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Watu wa Goma walikimbia usiku, na katika msukosuko ule watoto wakapotezana na wazazi wao. Shirika la UNICEF lilitangaza kwamba watoto waliotengana na jamaa zao walikuwa zaidi ya 150. Mtoto aliyezoea kumshika mwenzake mkono na kuitika anapoitwa, hata usiku wa kukimbia hawi rahisi kupotea.

Basi watoto, tokeni nje mtafute. Dunia imejaa vitu vizuri. Lakini kumbukeni kwamba unyoya huokotwa siku nyingine. Mwenzako ukimpoteza, humwokoti tena njiani.