Ukiwasha Unaonekana

Tangu nimalize kidato cha nne mwaka 2019 nimeandika riwaya moja tu, tena haijaisha. Ni ya vita. Shujaa wangu ni rubani, kijana mtanashati asiyejua kukosa shabaha. Kila sura anapaa, anabonyeza kitufe, adui kwisha. Mama akiniuliza, "Mwanangu, hicho kitabu kitaisha lini utafute kazi?" namjibu, "Karibu, mama." Muswada wenyewe unalala chini ya godoro. Hakuna aliyewahi kuusoma.

Jumamosi moja nikaenda Kinondoni kwa mama mdogo. Mwanawe, dogo wa kidato cha tatu, ana kompyuta yenye Arma 3, mchezo wa vita wa kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Czech. Mchezo ulitoka mwaka 2013. Mwaka 2018 waliouunda wakauongezea rada za ardhini, makombora ya kutungulia ndege, na kombora la kuwinda rada. Dogo akanikalisha kitini.

"Braza, si wewe ndiye mwandishi wa vita? Haya, ruka tuone."

Nikatunguliwa mara nne. Hata aliyenipiga sikumwona. Dogo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanionea huruma.

"Sikiliza, braza. Rada ni kama mtu mwenye tochi gizani. Anakumulika akutafute, lakini nawe unaiona tochi yake kutoka mbali. Hili kombora halimuliki kitu. Linafuata tu ile tochi hadi mkononi mwake."

"Akizima je?"

"Linaweza kukosa pa kwenda. Lakini naye anabaki kipofu. Ndege zinampita hivi hivi."

Ndugu msomaji, mambo haya hayakuanzia kwenye gemu. Wamarekani walitumia kombora la namna hiyo, Shrike, huko Vietnam miaka ya 1960. Baadaye wakaja na HARM, lenye mwendo wa zaidi ya mara mbili ya sauti. Mwaka 1999, katika vita vya Kosovo, waendesha rada wa Kiserbia walijifunza kuwasha kwa sekunde chache, kuzima, kisha kuhama. Machi 27 mwaka huo wakaitungua F-117, ndege iliyosifiwa kwamba rada haiioni. Aprili 28 kombora moja la HARM lilipotea njia, likavuka mpaka hadi Sofia, Bulgaria, nchi isiyopigana na mtu, likaangukia paa la nyumba. Bahati nzuri hakuna aliyekufa.

Mara ya tano nikafyatua sawasawa. Rada ikalipuka. Nikapiga kelele mpaka mama mdogo akachungulia mlangoni. Halafu nikanyamaza. Kwenye kioo ulikuwa moshi tu. Nikajiuliza: katika vita vya kweli, pale chini angekuwa amekaa nani? Kurasa mia mbili nimeandika, na sijawahi hata siku moja kuingia kwenye kile chumba cha adui.

Usiku ule niliifuta sura ya saba yote. Nikaianza upya, safari hii ndani ya gari la rada. Kijana wa rika langu amekaa gizani, kidole kiko kwenye swichi. Akiwasha, kombora linaweza kumfuata. Asipowasha, mji ulio nyuma yake, anamolala mama yake, unabaki bila mlinzi. Nikakwama. Kwa mara ya kwanza sikujua mtu wangu atafanya nini. Nilikesha naye hadi adhana ya alfajiri.

Kulipokucha nilitamani kurasa zile nizirudishe chini ya godoro. Mkono ukasita. Huyu kijana nimemweka mbele ya swichi, mimi mwenyewe miaka yote hii nimezima. Nikampelekea mama jikoni.

Alisoma taratibu, chai ikafurika jikoni asijue. Nikangoja kombora. Alipomaliza akaniangalia.

"Kwa hiyo aliwasha?"

"Bado sijui, mama."

"Sasa umesimama hapa unangoja nini? Nenda kaandike."

Siku ile hakuniuliza habari za kazi.