Lau Wangeungana

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na basi letu lililotoka Tanga alfajiri lilizimaliza bila purukushani: Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Maji ya Chai, Usa River. Wenyeji walikuwa wamesinzia. Mimi, mgeni wa kaskazini kwa mara ya kwanza, nilikaa dirisha la kulia nikiusubiri Mlima Meru. Ulijitokeza miguu tu. Kwingine kote, hadi kilele cha mita 4,500 na ushee, kulikuwa ndani ya wingu.

Nilikuwa na langu lililonileta. Nimekulia jirani na Pangani, ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim Desemba 1889, na barazani kwetu wazee hawaishi kuvipigana upya vita vile. Lau asingekabidhiwa kwa adui. Lau angekuwa na mizinga. Nilitaka kusikia milimani nako wanasemaje.

Mjini nilianzia kwenye Boma, mwisho wa barabara inayopanda kutoka Mnara wa Saa. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule huja kutazama mambo ya wanyama na chimbuko la binadamu. Nilichotazama zaidi ni kuta. Zimejengwa nene, za kuzuia watu, na waliozijenga ni haohao waliokuwa wakizuiwa: Waarusha na Wameru walioshindwa, wakabebeshwa mawe na chokaa ngome ilipokuwa inapanda kuelekea mwaka 1900. Ofisa wa kwanza wa hapo, Luteni Georg Küster, wenyeji walimwita Bwana Fisi. Nadhani hawakuhitaji kumfafanulia mtu.

Kesho yake nikapanda daladala hadi Tengeru, kisha bodaboda hadi Akeri. Huko ndiko moto ulikoanzia. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuja kutafuta mahali pa kujenga misheni. Kapteni Kurt Johannes naye alikuwa amepiga kambi karibu na askari wake. Vijana wa vita wa Kiarusha na Kimeru hawakuona tofauti kati ya hema la padri na hema la kapteni, na kwa kweli sioni kwa nini wangeiona. Miaka michache nyuma sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe na ndui imepita majumbani. Sasa wageni wanapima ardhi. Usiku wakashambulia, wamisionari wakauawa. Kambi ya kapteni ilisalimika.

Johannes alirudi Moshi, na hakukaa sana kabla ya kuja tena. Askari wake hawakuwa wengi. Nyuma yao, hata hivyo, walifuata maelfu ya wapiganaji wa Kichaga, wakiwemo watu wa Mangi Meli wa Moshi na wa Mangi Marealle wa Marangu. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, wanawake wakachukuliwa, migomba ikafyekwa. Mwanzoni mwa 1897 wakaja tena.

Mzee niliyeelekezwa kwake nilimkuta ukingoni mwa mfereji, akizoa majani yaliyoziba maji yasifike shambani. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kuzoa hadi maji yalipotembea. Kisha akasimama kando ya mgomba na kuugonga kwa ubapa wa panga.

"Huu ukiukata leo, chipukizi liko chini, litakuja. Shida si mgomba, mwanangu. Shida ni utakula nini mpaka lije."

Nikamuuliza swali langu la barazani. Lau Wachaga wasingekuja, je?

"Unadhani walimfuata Mjerumani? Walifuata ng'ombe." Akacheka. "Na sisi za kwao tulikuwa tunazifuata kabla yake."

Hapo ndipo wazee wetu wa Pangani wanapopotea, wakidhani kila kitu kilikuwa bunduki. Juni 1892 Meli huyuhuyu aliwashinda Wajerumani Moshi, Luteni von Bülow akafa, na kwa muda wakauacha Mlima Kilimanjaro. Walirudi Agosti 1893 na nguvu kubwa zaidi, wakampiga. Miaka mitatu baadaye watu wa aliyewahi kuwafukuza Wajerumani ndio waliowasaidia kuiteketeza Akeri. Kwa miguu, Moshi si mbali na Meru. Hakuna aliyewahi kutuma mjumbe wa kusema tuanze kwa huyu, ng'ombe zetu tutagombania baadaye.

Au labda alitumwa, kwa kuchelewa. Tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, Johannes aliwanyonga watu 19 kwa tuhuma ya kupanga uasi wa pamoja. Wamo Meli, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Lobulu wa Meru. Wanahistoria wengi huona mkono wa Marealle katika uvumi huo. Njama iwe ya kweli au ya kutungwa, kapteni alikuwa mtu wa kwanza kuiwaza historia ile nyingine, ya Kilimanjaro na Meru upande mmoja, na ilimtisha kiasi cha kuning'iniza watu mtini.

Tulipokaa kula loshoro, mzee alikuwa amechoshwa na Wajerumani wangu. Kwake vita vya kujadili ni vya Ngare Nanyuki, ambako Novemba 1951 Waingereza waliwahamisha kwa nguvu kama Wameru 3,000 ili kuwapa walowezi ardhi. Safari hiyo watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuwashtaki watawala. Kwenye Baraza Kuu hoja ya kuwarudishia ardhi ilipata kura nyingi, ila hazikufika theluthi mbili.

"Lau ni hiyo," akasema, akinisogezea bakuli. "Kura chache tu. Hiyo nakubali tubishane mpaka usiku."

Tukabishana mpaka kijana wa bodaboda alipoanza kupiga honi.