Baba Hakwenda Maskati

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na mimi nikaambiwa amekwenda Maskati. Kwetu Tanga uongo huo una mashiko, maana kila mtaa una mtu wake Omani, na mtu huyo siku moja hurudi na mabegi. Siku ya mazishi nilipelekwa kwa jirani wa mtaa wa pili, nikapewa halua, nikacheza hadi magharibi. Niliporudi nikakuta turubai limefungwa uani na mama hatoki chumbani. Alikuwa amekaa eda. Hakuna aliyenieleza eda ni kitu gani, na mimi sikuuliza.

Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua jambo wasilolijua wakubwa. Wiki ile ya mwisho baba alikuwa amelala chumba cha mbele, na kila anayepita akinionya: usipige kelele, baba amelala. Mchana mmoja nikapiga mpira wa soksi kwenye bati la uani, kwa nguvu, likalia nyumba nzima. Usiku uleule baba akabebwa kupelekwa hospitali. Hakurudi. Hesabu ya mtoto wa miaka minane haina mambo mengi.

Tangu hapo nikaacha kupaza sauti. Darasani nilijibu kwa kunong'ona. Madrasa nilichezesha midomo tu wakati wenzangu wanasoma. Wageni wakimpa mama pole walisifu: mtoto ametulia, mtoto ana adabu.

Kilichonitoa huko ni mkanda wa video. The Lion King ilitoka mwaka 1994, na kwetu ilifika baadaye, nakala iliyochoka, picha inarukaruka. Jirani yetu alikuwa na deki. Watoto tulijaa mkekani, wakubwa nyuma kwenye viti. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo kaka mmoja wa sekondari akawa anatutafsiria huku anaongeza chumvi yake. Mufasa akaingia bondeni kumwokoa mwanawe katika mbio za nyumbu, akapanda jabali, na ndugu yake Scar akamshika miguu ya mbele kwa makucha na kumtupa chini. Baba mdogo anamuua kaka yake ili arithi! Hapo wazee wa viti vya nyuma waliguna, hawakuhitaji mtafsiri.

Kisha vumbi likatulia. Simba mdogo akamsukuma baba yake kwa kichwa. Akamvuta sikio. Alipoona haamki, akajipenyeza chini ya mkono wake, akalala hapo. Scar akatokea, na yule kaka akatafsiri: "Anamwambia, bila wewe baba'ko angekuwa hai. Kimbia, usirudi tena."

Mkeka mzima ukalipuka. "Mwongo huyo! Mwongo!" Watoto walisimama, mmoja akarusha ndala kwenye televisheni. Nami nilikuwa nimesimama, napiga kelele kuliko wote, mpaka jirani akageuka kuniangalia.

Kesho yake nilimkuta bibi, mzaa baba, anachambua mchele. Nikamuuliza kama ni mimi niliyemuua baba. Akaweka ungo chini. "Mume wangu, nani kakutia maneno hayo?" Nikamsimulia habari ya bati. Bibi hakucheka, wala hakuniambia ninyamaze. Akanieleza kwamba baba aliugua ini tangu kabla ya Ramadhani, kwamba hospitali walishasema, kwamba kelele za mtoto haziui mtu. Akaniambia pia kuwa baba hakwenda Maskati. Ijumaa babu akanishika mkono hadi makaburini, akanionyesha pale alipolala, tukasoma Fatiha. Niliisoma kwa sauti. Mwezi huohuo ustadhi akamlalamikia mama kwamba nimekuwa mpiga kelele.

Ukubwani nimezitazama sana filamu hizi za watoto wanaofiwa na wazazi, sasa kwa jicho la mzazi, na nimesoma watu wanavyozijadili. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha filamu 45 za katuni na 90 za watu wazima. Wazazi wa mhusika mkuu walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara tano katika zile za watoto. Wapo wanaosema chanzo ni msiba wa Walt Disney mwenyewe: mama yake, Flora, alikufa mwaka 1938 kwa hewa ya sumu kutoka kwenye tanuri la kupashia joto, katika nyumba aliyonunuliwa na wanawe. Msiba mzito, lakini maelezo hayo hayaniingii. Snow White, binti anayelelewa na mama wa kambo, alishaonyeshwa tangu 1937, na mama yake Bambi alikufa kwanza kitabuni mwa Felix Salten, mwaka 1923. Ngano za bibi zangu nazo zilijaa yatima, na hawakumjua Disney. Mimi naona sababu ni ya kihadithi: mtoto mwenye baba na mama nyumbani ataitwa arudi kabla ya magharibi, na safari itakufa palepale.

Tatizo langu ni jinsi wazazi hao wanavyouawa. Katika Frozen ya 2013 wazazi wanazama baharini katikati ya wimbo mmoja, na wimbo ukiisha wasichana wameshakuwa wakubwa. Hakuna matanga, hakuna shangazi, hakuna wa kuwashika mkono. Naipenda zaidi Lilo & Stitch ya 2002, pamoja na kituko chake cha kutoka anga za mbali, kwa sababu pale dada mkubwa anapoteza kazi huku ofisa wa ustawi wa jamii anabisha hodi. Hivyo ndivyo ufiwa ulivyo, una kodi na sufuria zake. Queen of Katwe ya 2016 nayo, japo si katuni, inaanza Kampala baba akiwa marehemu zamani. Mama, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anahangaika na watoto, na nyumbani wanafukuzwa. Filamu ya namna hiyo mtoto yatima anaielewa kabla hujammalizia kueleza.

Dada yangu alipofariki, mwanawe alikuja kukaa kwetu. Jamaa wakashauri tumwambie mama yake amepata kazi Dubai. Nilikataa mbele ya wazee, na si jambo jepesi. Tulimwambia asubuhi ileile, akaenda na sisi makaburini, akatupia udongo kwa mkono wake. Miezi baadaye tulitazama ile The Lion King yangu ya 1994, na tulipofika bondeni mke wangu akanyoosha mkono kutafuta rimoti. Kijana akamzuia. Akauliza kwa nini Simba hamwambii mama yake.

Ndugu msomaji, ukifiwa na nyumbani kuna mtoto, mwambie siku hiyohiyo: amefariki. Kisha muulize yeye anadhani ni nini kilichomuua, na jibu lake usilicheke.