Mashimo ya Chuma Yaliyogeuka Maziwa

Kaskazini mwa Marekani liko jimbo liitwalo Minnesota, ambalo husifiwa kwa wingi wa maziwa yake. Mengi ya maziwa hayo yaliachwa na barafu kuu ya zamani za kale. Lakini karibu na miji midogo ya Crosby na Ironton yako maziwa mengine ambayo hayakufanywa na barafu wala mito. Yalichimbwa na watu kwa sururu, baruti na mitambo, na watu hao hawakuwa wakitafuta maji, bali chuma.

Nchi hiyo huitwa Cuyuna, na jina lake lina kisa. Mwishoni mwa karne ya 19, mpima ardhi aitwaye Cuyler Adams aliona kwamba sindano ya dira yake haikuelekea sawasawa apitapo mahali fulani. Akatambua kwamba chini ya ardhi mna chuma kingi. Basi silabi ya kwanza ya jina lake ikaunganishwa na jina la mbwa wake, Una, ndipo likapatikana jina la Cuyuna. Shehena ya kwanza ya madini iliondoka huko mwaka 1911. Madini hayo yalikuwa na manganizi ndani yake, kitu kinachohitajiwa sana katika kufua chuma cha pua, na kwa hiyo yalitafutwa sana wakati wa vita vikuu viwili vya dunia.

Kazi ya kuchimba ilikoma katika miaka ya 1980. Wakati wa uchimbaji, pampu zilikuwa zikitoa maji mchana na usiku, maana chemchemi za chini hazilali. Pampu ziliponyamaza, maji yakaanza kupanda polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka mashimo yakajaa. Juu ya vilima vya kifusi miti ikaota, misonobari na miti ya magome meupe, hata leo mgeni asiyeambiwa huweza kudhani kwamba vilima hivyo vilikuwapo tangu awali. Mwaka 1993 serikali ya jimbo ikalitenga eneo hilo liwe mahali pa watu kupumzikia.

Mtu aendaye huko hufanya vyema kuingia majini alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mtumbwi mwepesi hubebwa begani mpaka ukingoni, na pigo moja la kafi hutosha kuuondoa pwani. Maji ni maangavu ajabu, kwa kuwa mashimo haya ni ya mwamba na hayapati matope wala mbolea nyingi kama maziwa yaliyozungukwa na mashamba. Mpiga kafi akiinama huona miti iliyozama imesimama wima chini yake, matawi yakiwa bado wazi. Kuta za mwamba zenye rangi ya kutu hushuka moja kwa moja ndani ya maji. Hapa ziwa halina ukingo wa kukanyaga kidogo kidogo; hatua ya kwanza huwa ya magoti, na ya pili haina chini. Ziwa la Portsmouth, lililokuwa mgodi wa jina hilo, lina kina cha zaidi ya futi 400.

Katika maji hayo ya baridi, serikali imetia samaki aina ya trauti, ndugu wa wale walio katika mito ya Mlima Kenya. Trauti ni samaki mwerevu. Maji yakiwa maangavu hivi, yeye humwona mvuvi kabla mvuvi hajamwona yeye. Kwa hiyo mvuvi hutumia mshipi mwembamba, hukaa kimya, na jua linapopanda huishusha ndoana mbali zaidi, kwa maana samaki hufuata ubaridi. Lazima awe na leseni ya kuvua pamoja na stempu ya trauti. Aondokapo lazima amwage maji yote yaliyo katika chombo chake na kung'oa magugu, asije akahamisha konokono waharibifu na kuwapeleka ziwa jingine. Hata kuni hakuruhusiwa kuzileta atakako, kwa sababu ya wadudu walao miti.

Jioni hema husimamishwa juu ya ukingo, moto huwashwa, na mbu hujitokeza kudai haki yao. Usiku ndege wa majini aitwaye loon hulia kwa sauti ndefu ya kuhuzunisha, na mwangwi hurudi kutoka katika kuta za mwamba.

Wenyeji wa Crosby wana sababu nyingine ya kuyaheshimu maji hayo. Maili chache kutoka hapo palikuwa na mgodi wa Milford, uliochimbwa chini kwa chini kiasi cha futi 200. Tarehe 5 Februari 1924, alasiri, njia mojawapo ya mgodi ilifika karibu mno na ziwa dogo lililokuwa juu. Ardhi ikapasuka, matope na maji yakaingia, na katika muda wa dakika 20 hivi mgodi ukajaa. Watu 48 walikuwa ndani, na 7 tu walitoka hai kwa kupanda ngazi, maji yakiwafuata miguuni. Clinton Harris, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia ndoo za kupandishia madini, angaliweza kuikimbilia ngazi. Hakukimbia. Alibaki akitoa ishara ya hatari ili wenzake wasikie, akafa pamoja nao. Filimbi ililia kwa saa nyingi baada ya yeye kufa, na wake na watoto waliokusanyika juu waliisikia. Maiti wa mwisho alipatikana mwezi wa Novemba. Leo mahali hapo ni bustani ya ukumbusho.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa hiyo mzazi huko humvika mtoto jaketi la kuelea kabla hajampandisha mtumbwini, hata kama maji yametulia kama kioo.

Kenya nayo ina mashimo yake. Machimbo ya saruji ya Bamburi, karibu na Mombasa, yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na sasa ni bustani yenye mabwawa na samaki. Lakini yako mengine mengi ya mawe na murami ambayo hujaa maji ya mvua, hayana ua wala mlinzi, na watoto huogelea humo. Tofauti kati ya mashimo hayo na maziwa ya Cuyuna si ya madini wala ya utajiri peke yake. Kwanza kabisa ni kwamba kule yuko mtu aliyekubali kwamba shimo lililobaki ni kazi yake.